Niache kazi ya ghala niende kuendesha rola kosta msimu huu?

"Shikamoo kaka. Nina miaka 19, familia yetu ilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tukaletwa Columbus, Ohio, na sasa nina grinikadi. Nasoma koleji na nafanya kazi kwenye ghala moja hapa mjini, dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na ovataimu ikitokea naichukua. Juzi nimepata ofa ya kazi ya msimu kwenye paki ya burudani huko kaskazini mwa jimbo, masaa mawili kwa gari, kuendesha rola kosta, dola 15 kwa saa, siku sita kwa wiki, hosteli ya kampuni wanakata kwenye mshahara. Mkataba ni Mei mpaka mwanzoni mwa Novemba. Rafiki yangu alienda mwaka jana anasema ni kula bata tu, unapanda mabembea bure na unapata marafiki wa kila nchi. Mjomba anasema ni utumwa, hawalipi ovataimu hata upige saa 60, halafu ukibonyeza kitufe kibaya treni mbili zinagongana na wewe ndo unaenda jela. Na Kiingereza changu bado hakijakaa sawa. Mama na wadogo zangu wananitegemea, na kuna bibi yuko Kigoma tunamtumia hela. Niende au nibaki?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali moja lakini ndani yake kuna matatu, hela, hatari na lugha, na mimi naona hela ndo inakunyima usingizi ila umeificha nyuma ya mjomba. Nimefanya hizi kazi za msimu mpaka nikawa supavaiza wa zamu, na siku hizi nafundisha wafanyakazi wapya mambo ya usalama kabla paki hazijafungua, kwa hiyo nitakujibu bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Rafiki yako hajakudanganya na mjomba hajakudanganya, ila kila mmoja kakupa nusu, na kwa bahati mbaya nusu ya mjomba ndo ina namba.

Tuanze na ovataimu basi. Sheria ya kazi ya Marekani, ile ya mwaka 1938, inasema ukizidisha saa 40 kwa wiki kila saa ya ziada ulipwe mara moja na nusu. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo kuna kipengele cha sehemu za burudani za msimu: kama paki haifungui zaidi ya miezi 7 kwa mwaka, au kama mapato yake ya miezi 6 ambayo biashara iko chini kwa wastani hayafiki zaidi ya theluthi ya mapato ya ile miezi 6 mingine, basi hailazimiki kulipa ovataimu. Ohio kwenye ovataimu inafuata misamaha ya sheria hiyo ya shirikisho. Kwa hiyo sio kwamba bosi ni mwizi, na ukienda kushitaki utarudishwa mlangoni, ni sheria imeandikwa hivyo. Ndo maana pia usijilinganishe na binamu yako anayefanya kazi Orlando, zile paki kubwa za kule zinafungua mwaka mzima, kipengele cha miezi 7 hakizihusu, na majimbo mengine yana sheria zao. Kitu cha kufanya ni kumuuliza aliyekupa ofa, kwa maandishi, "nikizidisha saa 40 nalipwa vipi?" Akikujibu kwa maneno tu simuni, mwambie akuandikie imeili.

Sasa chukua kalamu. Paki: saa 60 mara dola 15 ni 900 kwa wiki kabla ya makato. Ghala: saa 40 mara 19 ni 760, na ukipata saa 10 tu za ovataimu kwa dola 28 na nusu unafika 1,045. Yaani umefanya kazi saa 10 pungufu na umepata dola 145 zaidi, na umelala nyumbani kwenu, umekula ugali wa mama. Huko paki kutoka kwenye ile 900 toa hosteli, toa chakula maana jiko la hosteli unagawana na watu wengi na ukichoka unaishia kununua, toa nauli ya kurudi Columbus siku yako ya mapumziko kama huna gari.

Na hiyo 900 yenyewe sio ya kila wiki, hapa ndo watu wengi wanaumia. Siku sita ni za Juni mpaka katikati ya Agosti. Mwezi Mei shule hazijafungwa kwa hiyo watu ni wachache na masaa yanakuwa machache, na kuanzia Septemba paki nyingi za kaskazini zinafungua wikiendi tu. Halafu kuna mvua. Radi ikionekana karibu rola kosta zote zinafungwa, mnakaa chini ya kibanda mnasubiri, na ikiendelea supavaiza anaanza kuwarudisha watu nyumbani, na ukirudishwa saa nane mchana saa zako zimeishia hapo. Kwa mtu anayetuma hela Kigoma kila mwezi hilo ni jambo la kuliweka mezani kabla hujaondoka, bibi haelewi habari ya radi ya Ohio.

Kuna na la vijana wa viza ya J-1, yaani wanafunzi wa nje wanaokuja kwa kazi za msimu, maana utakaa nao chumba kimoja, wanatoka Jamaika, Romania, Kolombia na kwingine. Utaona mmefanya saa zilezile kwa mshahara uleule halafu hundi yake ni kubwa kuliko yako, na utadhani umeibiwa. Hujaibiwa. Wale kama wageni wa muda hawakatwi Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na ya matibabu ya wazee, wewe wa grinikadi unakatwa asilimia 7.65, na hiyo inaingia kwenye hesabu zako za uzeeni. Ila lipo moja kuhusu wao ambalo halisemwi kwenye matangazo: programu yao mwisho ni miezi 4. Wakifika mwisho wa Agosti wanaanza kuondoka, na vijana wa vyuo vya Marekani nao wanarudi shule wiki hizohizo, na paki bado iko wazi. Kazi ya watu wanane mnaifanya watano. Wale wanaobaki Septemba na Oktoba ndo wanaoujua msimu vizuri.

Hapo hapo ndo bonasi ilipojificha. Paki nyingi zinaahidi bonasi ya mwisho wa msimu, labda senti kadhaa au dola kwa kila saa uliyofanya, lakini unaipata ukikaa mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Mkataba wako unaenda mpaka Novemba, na koleji yako inafungua Agosti. Umeshaona? Kabla ya kusaini mwambie mwajiri tarehe yako ya mwisho ni ile ya kabla shule haijafunguliwa, na hiyo tarehe iandikwe kwenye mkataba kama tarehe yako ya kumaliza. Waajiri wengi wanakubali maana wanafunzi ndo wafanyakazi wao, ila wakikuandikia Novemba na wewe ukaondoka Agosti kwenye karatasi umeacha kazi, bonasi imekwenda na mwakani hawakuiti.

Haya, kazi yenyewe. Rafiki yako anasema kula bata, na ni kweli siku ya mapumziko unapanda bure na usiku hosteli inakuwa kama kijiji. Lakini saa za kazi ni hivi. Mko watu sita mpaka kumi kwenye rola kosta moja, mnazunguka nafasi kila baada ya nusu saa au saa moja: mmoja getini anapima urefu, mmoja anapanga watu kwenye mistari, wawili mpaka wanne wanakagua viti, mmoja yuko kwenye meza ya vitufe, mmoja upande wa kushukia. Treni inaingia, watu wanashuka, wengine wanapanda, unaenda kiti kwa kiti, mkanda unauvuta, chuma cha mapajani unakisukuma chini halafu unakivuta juu kuona kama kimeshika, unaangalia mfuko wenye simu inayochungulia, miwani, ndala, unafika mwisho unanyoosha mkono kuonyesha upande wako uko sawa, treni inatoka, na nyingine imeshafika nyuma yake. Hiyo raundi nzima ni dakika moja na kitu. Kwa siku unaifanya mara mamia. Mgongo unauma kwa kuinama, sauti inakauka, zege linakurudishia joto kutoka chini, na usiniambie umezoea jua la Kigoma kwa sababu Kigoma ulikuwa unatafuta kivuli na hapa kivuli chako kiko kwenye ratiba. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na ukianza kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu sema hapo hapo utolewe, sio ujikaze kiume. Ukimwona mwenzako anaongea maneno yasiyoeleweka kwenye joto hiyo ni ya kuita huduma ya kwanza, sio ya kumcheka.

Getini ndo kunachosha roho. Rola kosta nyingi kubwa zinataka inchi 48, kama sentimita 122. Anakuja baba kaendesha gari masaa manne, mtoto kapungua nusu inchi, mtoto keshaanza kulia, na baba anakwambia gati lingine walimruhusu. Nimeona mtoto kajaziwa tishu ndani ya viatu mpaka anatembea kama bata. Wewe unasema hapana, kwa tabasamu, mara ya ishirini siku hiyo. Usione huruma ikakuponza, ule urefu sio kipimo cha ushujaa, ni kwamba kile chuma kimetengenezwa kikae juu ya mapaja ya mwili wa ukubwa fulani, na treni ikipita kilele cha mlima mwili unanyanyuka kutoka kwenye kiti, mtoto mdogo anaweza kuteleza chini ya chuma.

Sasa tuje kwa hofu ya mjomba ya treni kugongana. Mwambie hivi. Reli ya rola kosta imegawanywa vipande, kazini tunaviita bloku, na kanuni ni kwamba kwenye bloku moja inakaa treni moja tu. Mwisho wa kila bloku kuna breki, au ule mnyororo wa kupandishia, yaani kitu kinachoweza kuisimamisha treni, na sensa, yaani vifaa vya kuhisi, zinaiambia kompyuta kila treni iko wapi. Kama bloku ya mbele haijawa tupu, hata ubonyeze kitufe mpaka kidole kiote sugu, treni haitoki stesheni. Na kwenye rola kosta nyingi sio kitufe kimoja, mnabonyeza watu wawili mliosimama sehemu tofauti. Kijana wa miaka 19 kugonganisha treni kwa kubonyeza vibaya, mfumo umejengwa makusudi usimruhusu.

Mbona basi ajali zinatokea? Chukua ile ya Alton Towers, Uingereza, tarehe 2 Juni 2015, rola kosta inaitwa Smiler. Treni tupu ilikuwa imekwama kwenye reli, kompyuta ikaiona, ikasimamisha treni ya nyuma iliyobeba watu 16, yaani mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Mafundi wakadhani kompyuta inakosea, hakuna treni mbele, wakaizidi nguvu wakairuhusu iende. Ikagonga. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Na kuhusu jela ya mjomba, aliyepelekwa mahakamani ni kampuni, ikapigwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016. Usinielewe vibaya, ukiruka utaratibu makusudi, au unachezea simu huku unaruhusu treni, huko siwezi kukutetea. Lakini mtu anayefuata alichofundishwa na anayesimamisha mashine akiwa na shaka hana sababu ya kulala na hofu hiyo.

Mimi hofu yangu kwa vijana wapya iko kwingine kabisa. Ni kuzoea. Machi 2022 huko Orlando kijana wa miaka 14 alidondoka kutoka kwenye mnara wa kuangusha watu akafa. Uchunguzi ulionyesha sensa ya kiti chake ilikuwa imerekebishwa kwa mkono, kwa hiyo taa iliwaka kwamba kiti kimefungwa salama wakati uwazi wa kizuizi ulikuwa mkubwa karibu mara mbili ya kawaida, na kijana mwenyewe alizidi uzito uliowekwa. Unaona ilipo kazi yako? Taa inakwambia kitu, na mkono wako na macho yako yanaweza kukwambia kingine, na ikitokea hivyo unafuata mkono. Raundi ya kwanza asubuhi kila mtu anakagua vizuri. Raundi ya mia tatu, foleni imefika nje, supavaiza anataka treni zitoke haraka, wenzako wanapiga stori, mkono unagusa chuma bila kukivuta, kichwa kiko kwenye chakula cha jioni. Dola 15 wanakulipa kwa hiyo raundi ya mia tatu. Kama wewe ni mtu ambaye akirudia kitu anaanza kukiruka, na hapo jijibu mwenyewe kwa ukweli, omba wakuweke kwenye chakula au tiketi, hakuna aibu, na wanabadilisha.

Na uzio. Pale Cedar Point, paki ya huku Ohio, Agosti 2015, mgeni aliruka uzio kutafuta simu yake iliyodondoka akagongwa na rola kosta inaitwa Raptor akafa. Juni 2024, Kings Island, paki nyingine ya Ohio, mwingine aliingia sehemu iliyozuiwa kufuata funguo, akagongwa na rola kosta ya Banshee, naye akafa. Kwa hiyo mgeni akikwambia "ni hapo tu, nafika mara moja", wewe kwanza simamisha, halafu ndo uongee naye. Kitufe chekundu cha dharura ukikibonyeza bure utasemwa kidogo kwa sababu treni imekwama na watu wanalalamika. Bora kusemwa. Kwa wanaouliza nani anakagua hizi mashine Ohio, ni idara ya kilimo ya jimbo, ndiyo, kilimo, na baada ya mashine moja kukatika kwenye maonyesho ya jimbo hapo hapo Columbus Julai 2017 kwa sababu ya kutu ya ndani, na kijana wa miaka 18 akafa, sheria ya ukaguzi ikakazwa. Ile ilikuwa mashine ya kuhamahama, inafungwa na kufunguliwa mji kwa mji. Paki ya kudumu mafundi wake wanaanza ukaguzi alfajiri kila siku kabla wewe hujaamka, na treni zinazunguka tupu kwanza.

Kiingereza chako nakipitia haraka kwa sababu ndo kinakutisha bila sababu. Maneno ya kwenye maiki ni yaleyale kila raundi, unayakariri siku mbili. Muhimu ni kuelewa unachoambiwa na wenzako kwenye redio na kuelewa mafunzo, maana unafanya mtihani kabla hujagusa kitu. Usipoelewa sema hujaelewa, usiitikie tu "yes" kwa heshima kama tulivyofundishwa nyumbani kwa wakubwa. Kule heshima hiyo inaleta hatari. Na miezi mitatu ya kuongea na wageni elfu kwa siku itakunyoosha Kiingereza kuliko ghala ambako unaongea na mashine ya kuskani.

Niende au nibaki, sasa. Kama hela ndo sababu, baki. Nimekufanyia hesabu hapo juu, na familia yako inahitaji kitu kinachoingia kila Ijumaa. Kama unataka lugha, watu, kitu cha kuandika kwenye barua ya kuomba kazi nyingine, basi nenda, lakini usiache ghala kwa kutupa kitambulisho mezani. Waulize kama wanatoa likizo bila malipo ya wiki kumi, au kama wanawachukua tena waliotoka vizuri, na upate jibu kwanza. Njia ya tatu ambayo hujaitaja: paki nyingi zinatafuta watu wa wikiendi tu wakati wa Oktoba kwenye msimu wa Halloween, ungeweza kuonja bila kuhama. Kwa umbali wako bila gari ni ngumu, ila kama kuna mwenzako anaenda, iwazie. Kwa maelezo uliyonipa mimi ningebaki ghala mwaka huu na kuomba mapema mwakani, huku nimeshaweka akiba ya miezi miwili ya bibi. Lakini mwenye maisha ni wewe.

Kuna mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma majibu yangu. Kama nyumbani mnapokea msaada wa chakula au Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kipato chako na wewe kuhama vinaweza kugusa hesabu ya familia nzima, nenda ukakae na yule mhudumu wa shirika lililowapokea, au ofisi ya kaunti, kabla hujaondoka. Ukihama makazi, mwenye grinikadi anatakiwa kuwajulisha uhamiaji ndani ya siku 10, fomu inaitwa AR-11, inajazwa mtandaoni na ni bure, wengi wetu hatuijui. Ukiumia kazini, hata mgongo tu, toa taarifa siku hiyohiyo iandikwe na uende hospitali, useme ni ya kazini, madai kwenye ofisi ya fidia ya Ohio, BWC, yana mwisho wa mwaka mmoja. Na ukikatwa hela usizozielewa, au hosteli wakataka kubaki na hati zako, usibishane na mtu koridoni, kuna ofisi za msaada wa kisheria bure na wana mkalimani wa Kiswahili kwa simu, unaomba tu.

Wakikutumia mkataba wenyewe, nipigie picha ule ukurasa wa bonasi na ule wa makato ya hosteli, ufunike jina na namba zako, nikusomee kabla hujasaini.